Kaa wadogo wamegoma kujivua gamba tangu baridi ianze, nifanyeje?

PasuaKwetu: Wakuu, habari za jioni. Niko Pasua, Moshi. Mwezi wa nne nilileta kaa wadogo 40 wa mikoko kutoka Tanga, nikawaweka kwenye simtanki zilizokatwa, maji ya bahari nimeyabeba kwa madumu. Mwanzoni kila baada ya wiki mbili tatu nakuta magamba matupu. Tangu Juni iingie, kimya. Hawafi, ila hawakui, dagaa ninaowapa wanawaacha bila kuwala. Ni ugonjwa? Hela niliyotia hapa ni ya ada ya watoto, naombeni msaada.

KaaPwani: Pole sana ndugu. Maji yako nyuzi ngapi alfajiri? Usinipe ya mchana.

PasuaKwetu: Nimeamka saa kumi na moja kupima: 18. Saa tisa mchana yanafika 23.

KaaPwani: Basi ni baridi hiyo. Kaa wa mikoko hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30. Mwili wake hufuata joto la maji, na chini ya 20 anakula kidogo mno. Asipokula hana akiba ya kutengeneza gamba jipya chini ya lile la zamani, na gamba la zamani halitanuki. Tia hita, lenga 28, ila panda nyuzi moja tu kwa siku. Usiku funika kwa turubai.

Na hili usilipuuze: wakipata joto watajivua kwa kufuatana, na aliyetoka kujivua ni laini, wenzake wanamtafuna. Weka vipande vya bomba la plastiki wajifiche KABLA ya kuwasha hita. Magamba matupu yaache kwanza, huwa wanayala kupata chokaa.

MamaSato_Arusha: Kaka, usije ukatamani kufika 33 ili wakue upesi. Joto kali linawafanya wajivue harakaharaka, lakini kila wakijivua wanaongezeka kidogo tu, na wengine hufa wakiwa hawajamaliza kutoka kwenye gamba. Maji yakipata moto oksijeni hupungua, kwa hiyo pampu ya hewa isizimwe. Yakipungua kwa mvuke, jazia maji yasiyo na chumvi. Ukijazia ya bahari, chumvi itazidi.

PasuaKwetu: Mrejesho, siku ya kumi: nimefika 27. Leo asubuhi nimekuta magamba mawili matupu, na mmoja yuko ndani ya bomba, laini kabisa. Dagaa wa jana wamekwisha wote. Asanteni sana.