Madoa yaleyale kila picha ya anga: nasafishaje kihisi bila kukiharibu?

Kivuli22

Wakuu, heshima kwenu. Nikipiga anga au ukuta mweupe kwa f/16 (tundu dogo la lenzi), madoa matano ya kijivu yanatokea mahali palepale, hata nikibadilisha lenzi. Kwa f/2.8 (tundu kubwa) siyaoni. Lenzi nimezifuta mbele na nyuma, hakuna kilichobadilika. Kamera ni DSLR (yenye kioo cha kuakisi ndani) ya APS-C, yaani kihisi kidogo. Ipo na nyingine ya fulfremu (kihisi kikubwa) isiyo na kioo hicho, nayo imeanza kuonyesha doa moja.

Naomba kujua: nitathibitishaje kwamba ni vumbi na limekaa upande gani? Nianze na kifaa gani? Na hiyo isiyo na kioo ina utaratibu wake tofauti?

FundiLenzi

Mkuu, doa lisilohama ukibadilisha lenzi liko kwenye kihisi, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Vumbi la kwenye kioo cha mbele cha lenzi halichori doa, likizidi sana hupunguza ung'avu ukielekea jua. Vumbi unaloliona kwenye kitafutaji (kidirisha cha kuchungulia) cha DSLR limekaa kwenye kioo cha kuakisi au skrini ya fokasi, haliingii kwenye picha kabisa.

Sababu ya f/2.8 kuficha: vumbi halikai juu ya pikseli zenyewe, linakaa juu ya kichujio cha kioo kilicho mbele yake. Tuseme umbali kati yao ni mm 2. Gawanya umbali huo kwa namba ya tundu. Kwa f/2.8 unapata ukungu wa mm 0.7, kwa hiyo kivuli cha chembe ndogo kinatawanyika mpaka kinapotea. Kwa f/16 unapata mm 0.125, kivuli kinakaza na doa linaonekana. Ndiyo maana anayepiga sura za watu kwa f/2 anaweza kukaa na kihisi kichafu muda mrefu bila habari, na anayepiga mandhari au vitu vidogo kwa karibu anateseka mapema.

Kipimo kifanye hivi. ISO 100, hali ya kuchagua tundu, f/16 au f/22, ongeza mwanga kwa stopu 1 (mara mbili). Zima otofokasi. Lenga karatasi nyeupe au skrini tupu ya kompyuta kwa karibu, huku fokasi ukiipeleka mbali kabisa. Shata (pazia linalofungua kihisi) ikae wazi kama sekunde 1 na wewe uizungushe kamera taratibu wakati huohuo. Nyuzi za karatasi na alama za skrini zitafutika kwa kutikisika. Vumbi linatembea pamoja na kamera, kwa hiyo litabaki limekaza. Fungua picha kwenye kompyuta, pandisha kontrasti mpaka mwisho, pitia kona moja baada ya nyingine kwa ukubwa wa asilimia 100.

Kuhusu upande, wengi hukosea hapa. Simamisha kamera wima, itazame kutokea mbele. Ukilinganisha na picha, juu na chini vimegeuzana, kushoto na kulia vimebaki. Doa la juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto mwa kihisi unavyokiangalia.

Nukta moja kali nyeupe, nyekundu au buluu isiyobadilika hata ukibadilisha tundu si vumbi. Hiyo ni pikseli yenye hitilafu, usiifuate na kifaa chochote.

Mama_wa_Picha

Naongezea hatua ya kwanza ya usafi, maana hapo ndipo madoa mengi huishia na watu wanaruka.

Kwanza endesha mtikiso wa kihisi kwenye menyu mara tatu au nne. Teknolojia hiyo ilianza na Olympus E-1 mwaka 2003 na leo iko kwenye kamera nyingi. Inaondoa chembe kavu tu. Iliyogandishwa na unyevu haitikisiki.

Kisha pampu ya mpira ya kupulizia, ile kubwa inayojaa kiganja, yenye vali ya kuvutia hewa upande wa nyuma. Isiyo na vali inanyonya kupitia mdomo uleule ulio ndani ya kamera, kwa hiyo inavuta vumbi na kulirudisha. Pampu mpya ibonyeze mara ishirini pembeni kwanza, baadhi zina unga ndani ya mpira.

Kwa DSLR pulizia chumba cha kioo kabla ya kuinua kioo. Ukianza na kihisi, vumbi la kwenye kuta litakushukia baadaye shata ikifanya kazi. Ukimaliza hapo, chagua kwenye menyu hali ya kusafisha inayoinua kioo na kuacha shata wazi. Betri iwe imejaa, kamera nyingi hukataa kuingia hali hiyo chaji ikiwa ndogo. USITUMIE hali ya "Bulb" kushikilia shata wazi. Kidole kikiteleza, pazia la shata linajifunga juu ya kifaa chako, na hapo umenunua shata mpya.

Elekeza uso wa kamera chini, mdomo wa pampu uishie kwenye pete ya kufungia lenzi bila kuingia ndani. Puliza kwa nguvu mara nane hadi kumi, ukibadilisha pembe. Subiri sekunde chache ikiwa bado imeinama, chembe zidondoke. Funga mfuniko, rudia kipimo. Hatua hiyo mara nyingi inatosha, na kama imetosha simama hapo.

Hewa ya kopo, hapana. Kopo likiinama linatema kimiminika baridi kinachoganda kwenye kioo cha kihisi na kuacha ukoko mgumu kutoa. Pumzi ya mdomo, hapana pia. Tone dogo la mate linageuza chembe kavu kuwa doa la kusugua.

Kivuli22

Asanteni sana. Nimefanya yote kwenye DSLR: madoa matatu yameondoka, mawili yamebaki. Moja limepinda kama unyuzi, la pili ni duara lenye katikati angavu na ukingo mweusi. Swabu (kijiti chenye ncha ya kitambaa cha kufutia kihisi) nifanyeje?

Nuru_Kamili

Unyuzi ni uzi wa kitambaa ulioshika. Duara lenye katikati angavu kwa kawaida ni tone la mafuta au maji yaliyokauka, na hilo halitoki kwa hewa hata ukipuliza siku nzima. Yote mawili ni kazi ya swabu yenye dawa.

Saizi ya swabu ilingane na kimo cha kihisi, ili mpitisho mmoja umalize kazi. APS-C ina kimo cha karibu mm 15 au 16, nunua ya mm 16. Fulfremu ni mm 24. Ukitumia nyembamba utalazimika kupita mara mbili, na mstari wa makutano utaacha michirizi. Dawa iwe ile iliyotengenezwa kwa vihisi, nyingi ni methanoli safi. Inakauka haraka bila kuacha alama. Ni sumu na inashika moto: dirisha wazi, mbali na jiko, isikuguse machoni. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji na vitu vingine, itakuachia ramani nzima ya madoa. Vijiti vya pamba vya masikio viacheni masikioni, vinadondosha nyuzi.

Utaratibu sasa. Puliza tena hata kama umeshapuliza, kwa sababu punje ya mchanga iliyobaki chini ya swabu ndiyo inayokwaruza. Nawa mikono. Kaa chumba kisicho na feni, nguo isiyo ya sufi. Fungua pakiti ya swabu ukiwa umeshafungua shata, usiguse ncha. Dondosha matone 2 kwa APS-C, yasizidi 3 kwa fulfremu, kwenye ukingo wenyewe wa swabu. Hesabu mpaka kumi, dawa isambae. Ukingo uwe na unyevu. Ukiona tone linaning'inia, umezidisha. Dawa iliyozidi hukimbilia pembeni mwa kihisi na kukauka kama ukingo wa chai kwenye kikombe, au hupenya chini ya kichujio ambako huifikii tena.

Weka ncha kwenye ukingo mmoja, ilaze kidogo kuelekea unakokwenda kana kwamba unavuta ufagio. Ubonyezo ni ule unaokunja ncha kidogo tu. Vuta taratibu, sekunde 3 hivi, mpaka ukingo wa pili. Ukifika, inua, geuza upande wa pili wa swabu, rudi kwa mpitisho mmoja. Swabu hiyo imekwisha, itupe. Usirudie na upande uliotumika. Usiguse kuta za chumba: kuna grisi pale, na ikifika kwenye kioo cha kihisi itakula swabu tatu kuiondoa.

Ukipima na kuona mchirizi mwembamba pembeni, swabu mpya yenye tone 1 inautoa. Doa likibaki baada ya swabu tatu, peleka kwa fundi. Nguvu zaidi haitasaidia.

FundiLenzi

Naunga mkono. Kwenye hiyo isiyo na kioo kuna mambo mawili. La kwanza, baadhi hufunga pazia la shata ukizima. Hilo zuri kwa vumbi, ila usipulizie pazia lililofungwa kwa nguvu wala usiliguse, mabamba yake ni membamba mno na yakitoka kwenye njia hayarudi. Tumia hali ya kusafisha ya kamera husika. La pili, ikiwa kihisi hutembea chenyewe ili kupunguza mtikisiko wa picha, kinaweza kuchezacheza ukikigusa. Kitabu cha kamera kinasema kama ukiache kimewashwa au kuzimwa wakati wa kusafisha, na modeli hazifanani. Ubonyezo uwe mwepesi kuliko kwenye DSLR.

Doa la mafuta likirudi haraka baada ya kusafishwa, tena kwa wingi na kona ileile, chunguza shata yenyewe. Si jambo la kubuni: Nikon D600 iliyotoka 2012 ilijulikana kwa hilo, na mwaka 2014 kampuni ilitangaza kuikagua na kubadilisha shata bila malipo. Kusafisha kila wiki hakuzibi chanzo.

Mama_wa_Picha

Na tafadhali tusisahau mfuniko wa nyuma wa lenzi na mfuniko wa kamera. Uchafu mwingi hutokea humo. Uelekeze kwenye taa uone: unga wa kijivu umekaa kwenye pembe za ndani, na kila ukiufunga unaumimina kwenye lenzi, kisha lenzi inaumimina kwenye kamera. Osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa, puliza. Begi nalo livutwe vumbi kwa mashine, hasa mishono.

Kubadilisha lenzi: zima kamera, umeme tuli upungue. Legeza mfuniko wa lenzi mpya kabla hujaifungua ya zamani. Uso wa kamera uangalie chini, mgongo wako uukinge upepo. Lenzi za zumu zinazorefuka husukuma na kuvuta hewa kila ukizizungusha, kwa hiyo kwenye vumbi jingi zungusha taratibu.

Kivuli22

Swabu moja ya mm 16, matone 2, mpitisho mmoja kila upande. Unyuzi umetoka, duara limebaki hafifu. Nasubiri swabu ya pili kesho, nikishapuliza tena kwanza. Swali dogo: kile kijiti chenye jeli inayonata kingefaa kwa unyuzi?

Nuru_Kamili

Kwa unyuzi mkavu, ndiyo, kinafaa kuliko swabu. Bonyeza wima, inua wima, usiburute. Kila baada ya kugusa, ncha ibandike kwenye karatasi yake yenye gundi iachie uchafu. Kwa mafuta usikitumie, kinayahamisha kutoka kona moja hadi nyingine. Na kabla ya kununua hakikisha muuzaji anataja modeli ya kamera yako, jeli isiyofaa huacha utando kwenye baadhi ya vichujio. Duara lako endelea nalo kwa swabu.