Wauza "fomasio" ya kuhesabu karata hapa Lubumbashi: chati yenu ni mbovu, rudisheni pesa za watu

Mzee_wa_Sabo

Salamu kwa wote, na wahusika msijifiche. Kuanzia Katuba mpaka Bel-Air vijana wanatuma dola kwa simu, wanaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, wanapewa PDF ya kurasa chache na sauti za "mwalimu" anayeahidi mshahara wa kila siku kwa blekijeki, mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuipita. Halafu wanaambiwa wakacheze wapi? Kwenye simu! Kwenye mchezo ambao programu inachanganya karata upya kila mkono. Huo ni wizi, tena wizi usio na aibu.

Kuhesabu kunafaa kwa sababu moja tu: karata iliyotoka hairudi mpaka sabo, lile kasha la karata za mezani, ichanganywe. Ndogo zikishatoka kwa wingi, zinabaki za 10 na asi. Hapo mikono ya blekijeki (asi na 10 au picha kwa karata mbili za kwanza) inaongezeka, na unalipwa dau moja na nusu kwa kila moja. Krupie naye, yaani mgawa karata wa kasino, ambaye kanuni inamlazimisha kuongeza hadi afike 17, anapita 21 mara nyingi zaidi. Sasa karata zote zikirudi kila mkono, unahesabu nini? Hali ni ile ile kwa mashine za mezani zinazomeza karata zilizotumika na kuchanganya bila kupumzika. Meza za video zenye krupie wa kweli nazo mara nyingi zinatumia pakiti 8 na kuchanganya upya zikifika karibu na katikati, kwa hiyo hesabu inakufa kabla haijaiva.

La pili linaniudhi kuliko hilo. Mnafundisha kuhesabu watu wasiojua kucheza! Chati ya msingi, inayosema ufanye nini kwa kila mkono, si siri ya mtu. Wamarekani wanne waliokuwa jeshini, Baldwin na wenzake, waliichapisha mwaka 1956 baada ya kuikokotoa kwa mashine za kupigia hesabu. Anayeifuata bila kukosea, kwenye meza yenye kanuni nzuri, anaiachia kasino karibu nusu ya asilimia tu. Ninyi mmeikoroga. Ukurasa wenu wa 2 unasema mkono wa 12 usimame, usiombe karata, mbele ya 2 na 3 ya krupie. Hapana: hapo unaomba karata, unasimama mbele ya 4, 5 na 6. Unasema asi na 7 isimame siku zote, kwa kuwa "18 ni nzuri". Nzuri kwa nani? Mbele ya 9, 10 au asi ya krupie unaomba. Mbele ya 3 hadi 6 unaongeza dau mara mbili. Unasimama mbele ya 2, 7 na 8 peke yake. Tena eti jozi ya 10 igawanywe iwe mikono miwili krupie akionyesha 6! Mkono wa 20 anayeanza haugusi. Hesabu ya kweli (jumla ya karata zilizotoka, ndogo +1 na kubwa -1, ukiigawanya kwa pakiti zilizobaki) inakuja kuruhusu hilo kuanzia +4, na hata wanaojua wengi wanaliacha, maana kila mtu wa usalama kasino analijua.

Na ile "bima ya lazima ukipata blekijeki"? Pigeni hesabu. Dau dola 10, krupie ana asi. Ukikubali bima hiyo unalipwa sawa na dau lako, unapata 10, basi. Ukikataa, katika mara 13 krupie atakuwa na 10 chini kama mara 4, hupati kitu wala hupotezi. Mara 9 unalipwa 15. Jumla 135 dhidi ya 130. Bima ni dau la pembeni kwamba krupie ana blekijeki, linalolipa 2 kwa 1 wakati nafasi yake haifiki theluthi moja. Inaanza kufaa hesabu ya kweli ikifika +3, si kabla.

Hesabu_Tupu

Yaya, umesahau kosa linalomaliza pesa haraka zaidi. Wanafundisha: 2 hadi 6 ni +1, 7 hadi 9 ni 0, 10, picha na asi ni -1. Sawa kabisa. Kisha wanasema "ikifika +6 ongeza dau". +6 ya wapi? Lazima ugawanye kwa pakiti ambazo bado hazijatoka. +6 na pakiti 5 mbele yako ni +1 na kidogo, yaani uko sawa kwa sawa na kasino. +6 na pakiti 2 ni +3, hapo ndipo una kama asilimia moja juu yao. Kila pointi moja ya hesabu ya kweli inakuletea karibu nusu asilimia, na unaanzia chini ya sifuri kwa nusu hiyo hiyo.

Asilimia moja yenyewe mtu aitazame vizuri. Mikono 100 ya dola 10, tena yote ikiwa kwenye hesabu nzuri, faida ya wastani ni dola 10. Kuyumba kwa kawaida katika mikono hiyo ni kama dola 115 juu au chini. "Mshahara wa kila siku" unatoka wapi hapo?

Dada_Kampemba

Wakishapoteza wanaambiwa waongeze maradufu mpaka warudishe. 5, 10, 20, 40, 80, 160. Ukipoteza sita mfululizo, jambo la kawaida kabisa, zimeshaondoka 315, na dau la saba ni 320 ili upate faida ya dola 5!

Msiache pia kusoma maandishi ya mezani. Blekijeki ikilipa 6 kwa 5, dau la 10 linaleta 12 badala ya 15. Blekijeki inakuja kama mara moja katika mikono 21, kwa hiyo kanuni hiyo peke yake inakula karibu asilimia 1.4. Chati yote inageuka kazi bure.

Vale_Mweusi

Na ile programu wanayouza, inayokuhesabia kwenye simu mezani? Kuhesabu kwa kichwa si kosa. Mahakama ya juu kabisa ya New Jersey, Marekani, iliamua mwaka 1982, kesi ya Ken Uston, mhesabu karata, kwamba kasino za kule haziwezi kumfukuza mtu kwa hilo. Lakini Nevada, huko huko Marekani, kifaa cha kuhesabu ni jinai tangu 1985. Wanajua wanachouza?

mudogo_anayeanza

Wakubwa, basi mtu aanzie wapi bila kununua?

Mzee_wa_Sabo

Mudogo, chati kwanza, mpaka uijibu bila kufikiri, hasa mikono ya 12 hadi 16 na ile yenye asi. Kisha chukua pakiti moja ya 52, ondoa karata moja bila kuitazama, hesabu zilizobaki. Ukiishia +1, iliyofichwa ni 10, picha au asi. -1, ni ndogo. 0, ni 7, 8 au 9. Ifunue uone. Ukizoea, zisome mbili mbili: picha na 4 zinafutana, usizihesabu. Lenga kumaliza pakiti chini ya sekunde 30 bila kukosea, redio ikiwa imewashwa na watu wakiongea. Kugawanya kunafuata: tazama rundo la zilizotumika, kadiria pakiti ngapi zimetoka, utoe kwenye jumla. Hayo yote ni pakiti ya karata na maharagwe ya kuwekea dau. Dola hapana.

Na msimamizi wa kundi lile najua anasoma. Anza na ukurasa wa 2.