Tuzo zimetolewa, filamu zenyewe Kigoma tutaziona wapi?

MamaKatonga: Wakuu, habari za usiku. Nina banda la video hapa Katonga, kiingilio shilingi 500. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, banda linajaa. Usiku wa tuzo za filamu lilijaa hivyohivyo, nikaacha muvi ya kutafsiriwa nikawawekea sherehe. Kila mshindi akitajwa wanapiga kelele kama goli limeingia! Kisha mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hiyo iliyoshinda unatuwekea lini?" Nikakosa la kumjibu, na swali lake linaniuma mpaka leo. Enzi za mwigizaji Kanumba muvi zilitufikia kwa kanda na sidii, watoto wakakariri maneno yake. Tuzo za Bodi ya Filamu zilikwenda Mbeya 2021, Arusha 2022, vizuri sana. Ila filamu zenyewe nazipata wapi kihalali? Za kwenye flashi sitaki, ni jasho la watu.

Mwalimu_Ng'ambo: Dada, Tabora nako ndiyo hayohayo. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilitwaa Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Carthage kule Tunisia, mwaka 2022. Riwaya iliyozaa filamu hiyo, ya Adam Shafi, naifundisha kidato cha sita. Wanafunzi wangu wanabishana juu ya Yasmin na Denge kama majirani zao, lakini hakuna hata mmoja aliyewaona kwenye skrini. Inanisikitisha sana.

Kijana wa Mwanga: Si ulipie tu Netflix mama? Filamu ya "Binti" ya Seko Shamte iliwahi kuwekwa huko.

Fundi_Picha: Hapana mdogo wangu, ile ni ya kutazama nyumbani, si ya kuwatoza watu kiingilio. Mama, mambo ni mawili. Banda liwe na kibali, sheria ya filamu ya 1976 inataka hivyo. Lakini kibali hakikupi filamu. Filamu ni mali ya mtayarishaji, kwa hiyo mwandikie yeye mwenyewe. Mtajie idadi ya viti, kiingilio, na siku unazotaka kuonyesha, halafu mpatane mgawo. Mkishakubaliana, mwekeane maandishi.

MamaKatonga: Asante sana kaka. Kibali ninacho, viti ni 60. Kumbe nilikuwa nagonga mlango usio wenyewe. Kesho naandika barua. Mwalimu, ikipatikana nakuita, upande treni uje na hao wanafunzi. Mzee nimemwambia avute subira mpaka mbalamwezi nyingine.