Wafuasi 41,000, nalala chini ya meza ya kukatia. Niwaambie?

Fundi_Kimya
Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa jina ambalo halipo kwenye peji yangu, naomba mnielewe.

Mimi ni fundi cherehani, nafundisha kukata na kushona mtandaoni. Peji ina watu 41,000. Tangu Machi sina pa kuishi. Tulikuwa tumepanga Sinza, hapa Dar, mimi na mwenzangu, chumba na sebule. Akaolewa. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo: 150,000 mara sita, 900,000. Kwingine nikiulizia, dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Mimi nilikuwa na 310,000.

Sasa nalala kwenye fremu, chumba cha duka ninachoshonea. Mwenye fremu hajui. Mlinzi anajua, nampa 2,000 kila usiku. Saa kumi na moja alfajiri nakunja godoro, nalisukumia nyuma ya majora. Naoga choo cha kulipia. Saa moja jua likipiga mlangoni natundika kitenge ukutani narekodi, majirani wakiwa bado hawajafungua. Kona hiyo ndiyo watu wanayoijua. Wanadhani ni sebuleni kwangu. Sijawahi kusema hivyo, ila sijawahi kukanusha pia.

Juzi nikiwa laivu binti mmoja akaandika: "Dada, natamani maisha yako, niombee." Nikamjibu Amina. Sakafu nimeshaizoea jamani, lakini Amina ile imenikaa kooni mpaka leo.

Wauza vitambaa wananiletea mitandio na vitenge niwatangazie. Hela hawatoi, na mwenye nyumba hapokei vitenge.

Niwaambie wafuasi ukweli, au nitapoteza hata wateja wachache nilionao?

MamaKoku_Mwanza
Pole sana mdogo wangu. Usiseme leo. Aibu huna, hujaiba. Ila mwanamke anayelala peke yake kwenye fremu akijitangaza, wapo watakaokuja kuitafuta fremu hiyo usiku. Na angalia video zako za nyuma: kama kibao cha jirani kinaonekana, zifute. Ukishapata mlango wenye komeo lako mwenyewe, simulia yote.

Kwa sasa uza unachokijua. Darasa la kukata suruali ya kike, watu 30 kwa 15,000, ni 450,000. Mimi nakufuatilia bila kujua ni wewe yupi, labda. Nitalipa.

Shabani_wa_Chanika
Dada, ukiweka namba ya michango utaitwa tapeli, watu wamelizwa sana. Achana na madalali wa Sinza. Huku Chanika chumba chenye umeme unapata kwa 40,000, na wapo wazee wanaopokea ya miezi miwili. Pitia kwa mjumbe. Sitakudanganya, nauli na foleni vitakuchosha.

Mwanasheria_Mdogo
Niongezee moja. Askari wa doria akikukuta nje usiku anaweza kukutishia uzururaji, upo kwenye Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ipo hapahapa nchini, Arusha, ilisema tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Yale ni maoni ya ushauri tu, kifungu hakikufutika kwa hayo. Kwa hiyo tembea na kitambulisho cha NIDA na daftari lako la oda, ionekane kazi unayo.

Fundi_Kimya
Mama Koku, shikamoo. Nimelia, halafu nikakaa nikafuta video 11. Kibao cha duka la dawa kilikuwa kinasomeka kabisa.

Darasa nimelitangaza jana usiku, wamelipa 19. Nimewaambia jambo moja tu, kwamba ile kona siyo sebule, ni kazini kwangu, na hela ya darasa ni ya kodi ya chumba. Mmoja ameniandikia inboksi kwamba naye analala saluni anakosukia. Tumeongea mpaka bando langu likaisha.

Kaka Shabani, Jumamosi nakuja Chanika. Mjumbe wenu anapatikana kuanzia saa ngapi?