MJADALA: Je, Tom Wills aliuchukua mpira wa Australia kutoka kwa wenyeji asilia?

Wadau, leo naomba tubishane kwa hoja. Tom Wills ni mmoja wa waasisi wa mpira wa Australia, ule wa mpira wa umbo la yai unaochezwa kwa mikono na miguu. Alizaliwa 1835 akakulia kwenye shamba la mifugo la baba yake, Horatio, magharibi mwa Victoria, jimbo la Australia, katika ardhi ya Wadjab Wurrung, wenyeji asilia wa huko. Alicheza na watoto wao, akaijua lugha yao na nyimbo zao. Akiwa na miaka 14 alipelekwa shule ya Rugby, Uingereza, na huko akawa nahodha wa kriketi. Alirudi mwishoni mwa 1856. Julai 1858 aliandika barua gazetini kwamba wacheza kriketi waunde klabu ya mpira ili miili isilegee msimu wa baridi. Mei 17, 1859 yeye na wenzake watatu, Hammersley, Thompson na Smith, wakaandika kanuni kumi za klabu ya Melbourne.

Ubishi unaanzia hapa. Wenyeji wa upande ule walikuwa na mchezo wao, marngrook. Mpira ulishonwa kwa ngozi ya posamu, mnyama mdogo wa mitini, ukapigwa juu, na watu wakaruka kuudaka. Tangu miaka ya 1980 wapo wanaosema Wills aliuona utotoni akauingiza kwenye mchezo wake. Mwaka 2019 AFL, ligi kuu ya mchezo huu, ilipomwomba radhi Adam Goodes, mchezaji wa asili ya wenyeji, kwa ubaguzi aliofanyiwa viwanjani, nayo iliitaja marngrook kama sehemu ya chimbuko.

Mimi sikubali, na nina sababu. Zisomeni zile kanuni kumi: karibu zote zina ndugu yake katika mipira ya shule za Uingereza. Hata kudaka mpira na kupewa pigo huru kulikuwepo Rugby. Kuruka juu kabisa kudaka, jambo ambalo watu hulitoa kama ushahidi wa kwanza, kulishika kasi miaka ya 1880, na Wills alifariki Mei 1880. Barua zake zipo, na hakuna hata moja inayotaja mchezo wa wenyeji.

Linaloniuma zaidi ni hili. Marngrook ilikuwa mchezo kamili, mlowezi James Dawson aliueleza kwa maandishi mwaka 1881, na watu wake walikuwa na ustadi wao. Kwa nini heshima yake lazima ipitie mkononi mwa mtoto wa mlowezi? Tukisema ina thamani kwa kuwa Wills aliichukua, bado tunamfanya mzungu kuwa mlango.

Najua mtajibu kwamba walioandika ni walowezi, nao walikuwa na sababu ya kunyamaza. Hoja hiyo ni nzito. Oktoba 1861, huko Cullin-la-ringo, shamba la akina Wills jimboni Queensland, wenyeji waliua walowezi 19, Horatio akiwemo. Tom aliponea kwa kuwa alikuwa safarini kuleta mahitaji. Kisasi kilichofuata kiliua wenyeji wengi mno. Baada ya damu hiyo, nani angesimama Melbourne aseme mchezo wa mabwana una asili ya weusi? Lakini kanuni ziliandikwa miaka miwili kabla, na barua ya 1858 nayo iko kimya.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtu huyohuyo, miaka mitano tu baada ya baba yake kuuawa, alikuwa kocha na nahodha wa timu ya kriketi ya wenyeji wa Victoria iliyocheza uwanja wa Melbourne Desemba 26, 1866. Sijui wangapi wetu tungeweza.

Sasa wale wa upande wa marngrook, swali langu kwenu: katika kanuni za 1859, ni ipi mnayoweza kuionyesha ambayo haikuwepo Uingereza? Na wenye hoja ya masimulizi ya wazee, leteni, tuyapime bila kuyadharau.