Akiba ya dharura ya duka dogo Goma: AVEC (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), M-Pesa, dola mkononi au bidhaa?

Mama Duka (Majengo)
Wapendwa, nauza unga, sukari, sabuni na mafuta. Nataka kutenga dola 200 za kuamsha duka, volkano au moto ukitupata. Niziweke wapi?

Mwezeshaji AVEC
Mama, AVEC ni ya kukusanya, si ya siku ya kukimbia. Pesa za hisa hazilali sandukuni, ziko kwa waliokopa, na mgao unafanyika mwisho wa mzunguko, miezi 9 hadi 12. Funguo 3 ziko kwa watu 3: mmoja akielekea Sake na mwingine Gisenyi, sanduku halifunguki. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, unaweza kutoka haraka, ila ni mdogo. Andikeni mapema katika kanuni: maafa yakitokea, marejesho yanasimama wiki ngapi, na nani anaitisha kikao. Kila mmoja apige picha kitabu chake cha hisa.

Kabine Katindo
Pesa za kwenye simu unakimbia nazo. Ila watu wote wakitaka kutoa siku moja, kabine (kibanda cha kuweka na kutoa pesa za simu) inaishiwa pesa taslimu. Kibaya zaidi ni laini iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine: simu ikipotea njiani, namba hairudi bila mwenye jina na kitambulisho chake. Andikisha laini kwa kadi yako ya mpiga kura.

Papa Depo
Bidhaa usizihesabu kama akiba. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilifika Buhene na kukata barabara ya Rutshuru. Siku 5 baadaye mitaa 10 kati ya 18 ikaamriwa kuhama. Nani alipata chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma mizigo) ya kubeba bidhaa za depo? Ukiwa na magunia mengi, weka mengine upande wa pili wa mji, juu ya mbao, maana unga uliogusa sakafu unavuta unyevu. Na tafadhali, usikodi chumba kinachopakana na bidoni za kadafi (wauza petroli wa barabarani).

Yaya Mahesabu
Mimi ningegawa hivi: dola 80 kwenye simu, 70 taslimu, 50 AVEC. Taslimu iwe noti za 5, 10 na 20, safi, ndani ya plastiki. Noti yenye mpasuko mdogo tu ukingoni inakataliwa. Benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, taslimu iliadimika, kwa hiyo usiweke zote kwenye simu.
Lakini mama, mtaji wako mwingine uko kwenye daftari la madeni, na hilo ndilo watu wanalisahau ndani ya duka. Kila Jumamosi piga picha kurasa zake pamoja na patente (kibali cha biashara), umtumie ndugu aliye Bukavu. Ukirudi, dai kwanza, kisha anza na sabuni, chumvi na sukari, zinazotoka kila siku.

Mama Duka
Asante yaya. Na mdaiwa asiye na simu?

Yaya Mahesabu
Andika avenue yake, namba ya simu ya jirani yake, kiasi na tarehe, naye atie sahihi au kidole. Akikataa, auziwe taslimu.