Mrejesho: cheni kuruka kwenye vilima vya Karura

Niliuliza hapa kwa nini cheni ya baiskeli yangu inakwaruza na kuruka nikibadilisha gia kwenye vilima vya Karura, msitu wa Nairobi. Asanteni sana, sasa inapanda kimya. Waya wa gia ulikuwa umelegea, ndiyo maana cheni ilichelewa kupanda duara kubwa la meno la nyuma. Nati ya kukazia waya, pale unapoingia kwenye gia ya nyuma: ukiitazama kutoka nyuma ya baiskeli, izungushe robo kinyume cha saa, jaribu, rudia. Cheni ikianza kuchelewa kushuka kwenye duara dogo, umezidisha, rudisha kidogo.

Lililobaki ni la miguu, na ndilo kubwa. Badilisha kabla mlima haujaanza, gia moja moja, pedali zikiendelea kuzunguka ila nguvu umeipunguza kwa nusu mzunguko. Cheni iliyokazwa na uzito wako haihami vizuri, inasaga meno.